Tunahama Dar, mke ana ujauzito wa miezi minne: tukaanzie maisha Mbeya, Iringa au Njombe?

FundiBaridi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, umri miaka 32, naishi Mbagala. Mke wangu ni fundi cherehani. Tuna miaka miwili kwenye ndoa. Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki kumi na moja. Hii ya sasa imetimiza miezi minne, tunamshukuru Mungu.

Suala la kuondoka Dar tumeshalimaliza wawili, kwa hiyo sitafuti wa kunishauri nibaki. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku, na katika saa hizo karibu tatu zinaishia kwenye daladala. Sitaki mtoto wangu nimjue kwa kumkuta amelala.

Kwa nini Nyanda za Juu Kusini? Mwaka 2023 nilipelekwa Njombe kufunga chumba cha baridi cha kuhifadhi parachichi. Kazi ya wiki mbili ikawa ya wiki tano, maana kila nikikaribia kumaliza anatokea mtu mwingine: huyu tangi lake la maziwa halipoozi, yule friji ya bucha inamwaga maji. Tangu hapo hawajaacha kunipigia. Kila baada ya miezi miwili mitatu napanda mlima wa Kitonga, na nikifika juu kule Ilula nikashusha kioo cha basi, ule ubaridi unaoingia unanifanya nijiulize narudi Dar kufanya nini.

Tatizo ni kwamba hatuna ndugu hata mmoja huko. Mimi Mnyaturu, yeye Mzigua wa Handeni. Tuna akiba ya milioni sita na vyombo vya kazi, basi.

Mbeya ni jiji na kuna hospitali ya rufaa ya kanda. Iringa naiona imetulia, na ni kilomita 500 hivi kutoka Dar wakati Mbeya ni zaidi ya 800. Njombe ndiko waliko wateja wangu. Nikipiga hesabu ya kazi napata jibu hili, nikipiga hesabu ya mtoto napata jibu lile. Wenyeji na mliohamia huko, nipeni uhalisia wa maisha. Naomba kuwasilisha.

Dereva wa Tunduma

Mkuu, barabara hiyo naipita mwaka wa kumi na nne huu. Nenda Mbeya. Mji uliokaa kwenye njia ya Zambia na ya Malawi, una reli ya TAZARA na uwanja wa ndege wa Songwe, haumlazi njaa mtu mwenye ufundi mkononi. Sisi wa kontena za baridi mashine ikizingua njiani tunapiga simu Dar, fundi anafika kesho yake, mzigo umeshaanza kulainika. Akipatikana fundi wa kweli pale Mbeya au Makambako, namba yake itakuwa kwenye simu za madereva wote ndani ya wiki mbili.

Ila nakuomba kitu kimoja kaka. Usipange nyumba kando ya barabara kuu penye mteremko. Iwambi kushuka Mbalizi, na kule Mlima Nyoka upande wa Uyole, tumezika wenzetu na tumezika raia waliokuwa wamekaa zao vibandani wanauza ndizi. Lori likikosa breki halichagui. Mwenye mtoto akae ndani mtaani.

Mama Pacha Uyole

Karibu sana mwanangu, na mwambie mkeo pole na hongera.

Nilitoka Kinondoni kuja Mbeya mwaka 2015 nikimfuata mume, tulikuwa na mtoto mmoja, pacha nimewazalia hapa. Nitakuambia ninayoyajua mimi kama mama wa nyumba.

Chakula kwanza. Mchele wa Kyela na wa Mbarali, ndizi za Tukuyu, viazi vya Uporoto, maharage, maziwa, parachichi, vyote hivi vinatoka kwenye vilima unavyoviona ukiwa umesimama mlangoni. Dar nilikuwa nanunua viazi kwa mafungu ya kuhesabu. Hapa nanunua debe, na mwenye kuniuzia ananiongezea vingine juu kwa mikono miwili. Asubuhi pale Uyole wanashuka akina mama na Coaster za kutoka Isyonje na Kiwira, mboga bado zina umande. Kama una bustani ndogo nyuma ya nyumba, kabichi na figiri hununui.

Pili, baridi, na hili naomba mlisikie vizuri. Watu wa Pwani mnadhani baridi ni jambo la sweta. Mwezi wa sita na wa saba usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, sakafu ya saruji inakuwa kama barafu, nguo za mtoto hazikauki siku mbili. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa tumepanga chumba na sebule, dirisha tumeliziba kwa boksi na kitambaa ili upepo usiingie. Tulikuwa na mazoea ya kuingiza jiko la mkaa chumbani jioni, likishika vizuri bila moshi. Siku moja mdogo wangu aliyekuwa amekuja kunisaidia kulea aliamka usiku kwenda chooni, akafika mlangoni akaanguka. Kile kishindo ndicho kilichoniamsha. Kichwa kilikuwa kinanigonga kama nyundo, miguu haina nguvu, mtoto nikimwita anafungua macho anafumba. Nilitambaa, nikafungua mlango, nikamvuta mtoto na blanketi lake mpaka uani. Jirani, Mama wa Kisafwa tuliyekuwa hata hatujazoeana, alitoka akatukuta tumekaa kwenye majani tunatapika. Hakuuliza swali. Aliingia ndani, akatoka na lile jiko, akalimwagia maji.

Mkaa ulioshika unatoa sumu isiyo na harufu wala moshi, na kila msimu wa baridi kuna familia inapotea hivyo. Nunueni blanketi nzito mbili, mvalisheni mtoto soksi na kofia, lakini jiko libaki nje. Mkitaka joto la kuogea, chemsheni maji.

Tatu, nyumba. Mji wetu umejipanga kwa urefu kufuata barabara kuu: Uyole, Sae, Ilomba, Soweto, Mwanjelwa mpaka Iyunga na kuendelea. Barabara ikifunga kwa lori moja lililolala, mji wote umesimama. Kama mnataka kuwa karibu na hospitali ya rufaa na ile ya wazazi ya Meta, tafuteni upande wa mji wa zamani: Forest, Sinde, Ghana, Majengo. Uyole huku nafasi ipo na kodi ni nafuu, ila usiku wa uchungu ni safari. Mimi pacha wangu nusura niwazalie kwenye bajaji pale Mama John, tumekwama nyuma ya malori mawili.

Wenyeji ni watu wa kusalimia. Ukipita bila salamu wataumia kweli. Jifunzeni na "ndaga", yaani asante, mapema.

Wa Kihesa

Kamwene wote!

Mleta uzi, usiipite Iringa kama watu wanavyoipita kwenye basi. Wengi wanaijua Iringa kwa Ipogolo tu, pale wanaponunua vitunguu wakiwa safarini, hawajui kwamba mji wenyewe uko juu kilimani. Ni mji wa kutembea kwa miguu. Kutoka Miyomboni mpaka soko kuu, mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, mama mjamzito anafika bila kupanda chombo chochote. Jioni familia zinapanda jiwe la Gangilonga kutazama jua likizama. Mimi nimelelewa hapa, nimesoma hapa, na watoto wangu watatu wanakwenda shule peke yao kwa miguu. Hilo kwa Dar utalilipia nini?

Kuhusu kazi: mji una Chuo Kikuu cha Iringa, kuna Mkwawa, kuna Ruaha Katoliki. Wanafunzi maana yake migahawa, hosteli, maduka ya vinywaji, na kila mmoja ana friji. Hoteli zinazopokea wageni wa Hifadhi ya Ruaha nazo zina vyumba vya baridi. Barabara ya lami kwenda Dodoma imekufungulia soko la upande wa pili pia, huko joto lipo na viyoyozi vinauzwa.

Nisikufiche mapungufu. Kihesa na mitaa inayozunguka vyuo, wenye nyumba wanajenga vyumba vya wanafunzi, nyumba ya familia yenye uwanja wake inatafutwa. Tafuta Mtwivila, Mwangata au Kitwiru. Kuanzia mwezi wa nane upepo una vumbi jekundu, mwenye pumu atapata shida. Na fedha haizunguki kama Mbeya. Mjini kwetu utapata mteja mzuri, atakulipa vizuri, lakini mteja wa pili anaweza kuchukua wiki.

Kijana wa Makambako

Mbona Makambako mnaitaja kama kituo cha mafuta? Hapa ndipo njia ya Songea na Njombe inapoachana na ya Mbeya. Njombe kilomita 60 tu. Mafinga na mbao zake uko nayo upande mmoja, Mbarali upande mwingine. Fundi wa baridi akikaa hapa yuko katikati ya kila kitu, kiwanja anakipata kwa bei ambayo Mbeya hapati hata uchochoro.

Ni kweli baridi yetu ina upepo. Na kwa uzazi wenye wasiwasi utalazimika kwenda Njombe, au Ilembula kwa Walutheri. Kwa mimba ambayo imeshawahi kusumbua ningekuwa mwongo kukuambia kaa hapa sasa hivi. Ila baada ya mtoto, uje tuongee.

FundiBaridi (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu. Mama Pacha, umenitisha na umeniokoa. Ile habari ya jiko nimemsomea mke wangu kwa sauti. Kweli wazo la jiko chumbani tulikuwa nalo.

Swali kwa wote: kwenye mji wa baridi, fundi wa baridi anaishi kwa nini ukiacha parachichi? Msimu wa parachichi una mwisho wake.

Dereva wa Tunduma

Hita kaka. Kila nyumba nzuri Mbeya na Iringa wanataka maji ya moto bafuni, kuna wenye hita za umeme na wenye zile za jua za kuweka juu ya bati. Zikiharibika mafundi wanabahatisha. Wewe umeshazoea mabomba, gesi na umeme, miezi miwili utakuwa umezijua. Halafu Kyela, Chunya na Usangu kuna joto la kutosha, viyoyozi na mafriji yapo. Kutoka Mbeya kote huko unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Muuguzi wa Zamu

Nimesoma uzi wote. Nimefanya kazi ya uzazi mikoa hii kwa zaidi ya miaka kumi, naomba niongee taratibu.

Kwanza safari. Mimba ya miezi minne hadi sita ndiyo wakati mzuri wa kuhama. Kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Msisubiri mwezi wa nane. Kabla ya kuondoka Mbagala, hakikisheni kadi ya kliniki imejazwa yote: kundi la damu, wingi wa damu, shinikizo, vipimo vyote, na maelezo ya ile mimba iliyoharibika. Usikubali kuja na kadi yenye nafasi tupu. Mkifika, ndani ya wiki moja mpeleke kliniki mpya, hata kama anajisikia vizuri. Kwenye basi ashuke kila linaposimama, atembee kidogo, anywe maji.

Pili, mpime VVU wote wawili, na mrudie kama mtakavyoelekezwa kliniki. Nasema hivi kwa upendo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta Njombe ina maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Hii mikoa ni ya barabara, mashamba makubwa na watu wanaosafiri, na wewe kaka kazi yako ni ya kulala nje. Mama mwenye maambukizi akijulikana mapema na akameza dawa vizuri, anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Tunaowapoteza ni wale wanaofika wakiwa wamechelewa.

Tatu ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mama Pacha ameeleza chakula kilivyojaa, na amesema kweli. Sasa sikilizeni: kwenye utafiti wa afya wa 2022, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, 57 wamedumaa. Njombe ni nusu. Wastani wa nchi ni 30. Mikoa inayolisha nchi nzima ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao!

Chanzo chake nakiona kila siku kwenye mizani. Maziwa yanaamkia kwa mnunuzi, mayai yanakwenda dukani, parachichi linakwenda ghalani. Mtoto anabaki na uji mweupe wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Mama yuko shambani toka alfajiri akiwa na mimba, anarudi jioni kachoka, mtoto wa miezi minne ameachiwa bibi na tayari ameanza kulishwa uji. Hapo njaa haipo ndani ya nyumba, ila sahani ya mtoto haina kitu.

Kwa hiyo mkeo anyonyeshe maziwa yake peke yake miezi sita, hata maji asimpe. Baada ya hapo ugali au viazi viponde pamoja na maharage yaliyokobolewa, yai, parachichi, dagaa, mboga za majani, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Na yeye mwenyewe sasa hivi ameze vidonge vya madini chuma na foliki kila siku, ale mlo mmoja zaidi ya alivyozoea.

Malaria huku juu ni kidogo ukilinganisha na Pwani, hilo ni jambo jema kwa mjamzito. Chandarua mje nacho hata hivyo.

Niliyelizwa na Kiwanja

Milioni sita usimwonyeshe mtu. Mimi nilihamia mmoja wa miji hii nikiwa na pesa ya kiinua mgongo, nikajiona nimechelewa kujenga. Wiki ya tatu dalali akanipeleka pembezoni, mandhari nzuri, mlima uko nyuma, chini mto. Tukaandikishana mbele ya mashahidi, mihuri ikapigwa. Nilipoanza kuchimba msingi akatokea mzee mmoja mstaarabu sana, kavaa kofia ya kufuma, akanisalimia, akasubiri nimalize kuongea na mafundi. Kisha akatoa kwenye mfuko wa rambo hati yake, imekunjwa mara nne, ina jina lake na namba ya kiwanja kile kile. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniambia tu, "Kijana, pole, umeuziwa shamba langu." Nilikaa juu ya tofali nikalia mbele ya mafundi. Dalali mpaka leo sijampata.

Kanuni yangu sasa: mwaka mzima wa kwanza panga. Ujue mvua ikinyesha maji yanapita wapi, upepo unatoka wapi, barabara gani inageuka tope mwezi wa tatu. Ukifika wakati wa kununua, chukua kitalu na namba ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi, fanya upekuzi rasmi ujue mmiliki ni nani na kama kuna zuio. Kiwanja ambacho hakijapimwa, ulizia mpango wa mji unasema pale ni makazi au ni njia. Ongea na majirani wa pande zote nne, tena siku ambayo dalali hayupo.

Binti wa Pwani

Kaka, nimesoma uzi mpaka hapa na bado sijamsikia mkeo.

Mimi nililetwa Iringa nikiwa na mimba ya miezi sita. Mume wangu ni mtu mwema na nampenda, lakini kazi yake ilikuwa ya kusafiri kama yako. Alinipangia nyumba nzuri, geti, umeme, maji ndani. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya mashamba ya mahindi. Zilikuwa zinapita siku tatu sauti ya mtu ninayoisikia ni ya redio. Mtoto alipozaliwa, usiku analia na mimi nalia. Nilikuwa nasimama dirishani nahesabu taa za Ipogolo kule bondeni mpaka kunakucha. Nilipomwambia mume wangu nataka kurudi Tanga alishangaa, maana kila kitu kilikuwepo.

Kilichonitoa ni kuhama. Tulikwenda Mlandege, nyumba ya wapangaji wanne, uani mmoja, bomba moja. Nyumba mbaya kuliko ile ya kwanza. Siku ya pili mama mmoja wa Kihehe alinikuta nambembeleza mtoto, akanyoosha mikono bila kuniomba, akamfunga mgongoni, akaendelea kufua. Nililala saa nne mfululizo. Nikaingia kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, wakanifundisha kupika vyakula vyao, wakanisindikiza kliniki. Leo mtoto ana miaka sita na ananisahihisha Kihehe.

Wewe unauliza wapi kuna kazi. Kazi yako iko barabarani. Ukikaa Mbeya utakwenda Njombe, ukikaa Iringa utakwenda Njombe. Swali ni usiku ule uko Makete unasubiri mashine ya mtu ipoe, mtoto ana homa, mkeo anagonga mlango wa nani?

Muuguzi wa Zamu

Binti wa Pwani, Mungu akubariki. Wazazi wengi wa mimba ya kwanza tunaowaona na huzuni baada ya kujifungua ni hawa hawa walioletwa mbali na mama zao. Kama mama mzazi au dada anaweza kuja kwa miezi miwili, mlipieni nauli kabla hamjanunua kochi.

FundiBaridi (mleta uzi)

Ni mimi mke wake, naandika kwa simu yake. Shikamooni wazazi wangu, na wengine habari za leo.

Nimesoma yote tangu jana, na mengine tumesoma pamoja. Dada Binti wa Pwani, nilipofika kwenye zile taa za Ipogolo nilimrudishia mume wangu simu nikaenda kukaa nje. Sikuwa nimemwambia kwamba ninachokiogopa si baridi wala ugeni. Mimba ya kwanza ilipoharibika nilikuwa peke yangu, yeye yuko Njombe kwenye hiyo hiyo kazi ya parachichi. Aliyenipeleka hospitali ni mama wa chumba cha pili, hapa hapa Mbagala, na khanga zake zikaharibika kwa damu, na mpaka leo hajawahi kunikumbusha. Jana usiku ndiyo nimemwambia mume wangu habari hiyo yote. Alikuwa anajua nusu.

Tumekubaliana hivi. Tunakwenda Mbeya, kwa sababu ya hospitali, maana safari hii sitaki kuwa mbali. Tutatafuta upande wa Sinde au Ghana, nisilazimike kuvuka barabara ya malori usiku. Nyumba ya wapangaji wengi, uani mmoja. Yeye alitaka nyumba yenye geti lake, amekubali kuiacha. Mama yangu anakuja kutoka Handeni mwezi wa nane wa mimba mpaka mtoto atimize siku arobaini zake na zaidi. Njombe atakuwa anakwenda kwa siku mbili, si wiki tano, na mwezi wa tisa haendi kabisa. Wateja wenye kontena atawapokea pale pale Mbeya.

Nina swali kwa Mama Pacha. Mimi nashona sare za shule. Huko nasikia kila mwanafunzi anavaa sweta. Mashine za kufumia sweta zinapatikana Mwanjelwa? Na kuna mtu anayefundisha? Ningependa kuanza kujifunza kabla tumbo halijanizuia kukaa.

Mama Pacha Uyole

Mwanangu, nimelia. Umefanya vizuri kusema.

Mashine zipo, na Mwanjelwa kuna akina mama wanafuma tangu mimi sijafika. Mmoja wao ni rafiki yangu tunasali pamoja, nimemuuliza leo asubuhi, amesema uje na kiti chenye egemeo kwa ajili ya mgongo, mengine atakuonyesha. Oda za sweta zinakuwa nyingi mwezi wa kumi na mbili, shule zikikaribia kufunguliwa. Utakuwa na mtoto mgongoni, tutasaidiana.

Nyumba msilipe kwa simu hata kama picha ni nzuri. Kuna chumba na sebule Sinde kinaachwa wazi mwisho wa mwezi, mwenye nyumba ni mjane, anaishi hapo hapo na wapangaji wengine watatu. Anataka kodi ya miezi sita lakini ukiongea naye kwa adabu anapokea mitatu. Kesho nakwenda kukiona mimi mwenyewe, nitaangalia paa, choo, na kama maji yanatoka kila siku.

Njooni na basi la asubuhi ili mpande Kitonga mchana. Blanketi msinunue Dar, ni nyepesi. Mkipita Makambako nipigieni, nitakuwa nimeshaweka maji jikoni, na jiko liko nje.

Kijana wa Makambako

Mkipita hapa kwetu basi linasimama dakika kumi. Nitamletea mama kijacho mahindi ya kuchoma.